Kijani cha Kwenye Ramani: Kutoka Nyaraka za Upanga hadi Bonde la Msimbazi

Jumapili. Dodoma hadi Dar es Salaam

Nimepanda treni ya umeme ya asubuhi. Begini nina penseli, kwa kuwa kalamu ya wino huachwa nje ya chumba cha kusomea nyaraka, lenzi ya kukuzia, barua ya utambulisho yenye muhuri, na kibali cha utafiti ambacho namna nilivyokipata ingetosha simulizi nyingine.

Kazi yangu ni kuchora mipango miji. Maeneo ya wazi huwa tunayapaka kijani, na kila nikirudi mahali baada ya miaka michache nakuta kijani changu kimeota gereji, baa au msingi wa ghorofa. Safari hii nafuata kijani cha Dar es Salaam kwenye makaratasi. Nataka kujua nani alikipaka, kwa sababu gani, na ilikuwaje uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi wakati bonde la mto Msimbazi lilijaa nyumba.

Kutokea Dodoma kwa kazi hii kuna kichekesho chake. Mwaka 1968 kampuni ya Kanada, Project Planning Associates ya Toronto, iliandaa mpango kabambe wa Dar es Salaam kama mji mkuu wa taifa. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na mpango wa mji mpya, uliotoka 1976, ukaandaliwa na kampuni ileile. Fundi kakushonea suti, hujaivaa hata ikachuja, unarudi kwake akushonee nyingine.

Nimefikia kwa dada yangu Ilala. Joto la Dar nilikuwa nimelisahau.

Jumatatu. Upanga

Idara ya Nyaraka za Taifa ilianzishwa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na jengo lake lipo mtaa wa Vijibweni, Upanga. Mtaa wenyewe ni sehemu ya somo: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Upanga ilipimwa na kujengwa zaidi kwa ajili ya Waasia waliokuwa wamebanana Uhindini. Unaingia kusoma historia ya ubaguzi wa makazi ukiwa umekaa ndani ya ukurasa wake mmoja.

Utaratibu ni wa taratibu. Begi unaliacha, unaandika namba ya jalada kwenye karatasi ya maombi, unakaa, unasubiri. Dada wa mapokezi alinitazama, akatazama orodha yangu, akasema, "Kaka, anza na matano. Ukimaliza hayo leo, nitakununulia chai." Sikuinywa chai hiyo.

Asubuhi nilishinda kwenye masuala ya Wajerumani. Mafaili yao yana herufi G mbele, na yalipangwa vizuri miaka ya 1960 mwishoni na wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani Magharibi. Mwandiko wa mkono wa makarani wale ni mateso matupu, kwa hiyo nilijikita kwenye kilichopigwa chapa. Kanuni za ujenzi za 1891, mwaka ambao Wajerumani walihamishia makao makuu Dar, ziligawa mji kwa aina ya nyumba: upande wa bandari majengo ya kudumu ya mtindo wa Ulaya, na mwisho kabisa vibanda vya miti na udongo. Waingereza, waliopewa Tanganyika chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, hawakuwa na uhuru wa kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi kwenye sheria. Wakaendeleza kanda tatu za ujenzi miaka ya 1920. Maneno Mzungu, Mhindi na Mwafrika hayana haja ya kuwemo. Ukitaja vifaa vya ujenzi na ukubwa wa kiwanja, kila mtu anajua anakaa wapi: Uzunguni, Uhindini au Uswahilini.

Nimechora mistari mingi maishani na bado leo nilikaa kimya nikiutazama huo ufundi. Hakuna anayetajwa, na hakuna anayekosea njia ya kurudi kwake.

Jumanne. Upanga tena

Leo mafaili ya wilaya ya Dar es Salaam, yale ambayo namba zake zinaanza na 540. Haya ndiyo yenye uhai. Jalada moja limefungwa kwa utepe wa pamba uliobadilika rangi, na pini zilizoshika karatasi zimepata kutu hadi kuacha alama ya kahawia inayopenya kurasa sita, ukurasa juu ya ukurasa, kila alama ikififia kidogo. Nakala za kaboni ni nyembamba kiasi kwamba ukipumua kwa nguvu zinanyanyuka. Katikati ya barua za Kiingereza za maofisa unakutana na Kiswahili cha wenye mji: ombi la kiwanja, lalamiko la kodi ya chumba, mtu anayetaka aruhusiwe kuezeka upya. Heshima zote zimo, "mimi mtumishi wako mtiifu", halafu aya ya pili inauma.

Miaka ya vita ndiyo iliyonishika zaidi. Watu walimiminika mjini, bei zikapanda, vyumba vikakosekana. Mwaka 1941 serikali ilitunga sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Makuli wa bandarini waligoma 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena 1947, na mgomo huo wa mwisho ukasambaa nje ya bandari. Ukisoma mafaili ya makazi peke yake unadhani ofisa fulani aliamka siku moja na huruma ya kuwajengea Waafrika nyumba. Ukiyaweka ubavuni mwa tarehe za migomo, huruma hiyo inapata maelezo. Ilala ikapanuliwa, kisha viwanja vikapimwa Magomeni, Temeke na Kinondoni.

Kuhusu kijani nimepata kidogo tu. Nimetoka saa tisa unusu, macho yamechoka.

Jumatano. Mnazi Mmoja na Kariakoo, kwa miguu

Nimeupa mgongo mji wa maghorofa, nikavuka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Ni mwendo wa dakika chache ukikatisha uwanjani. Watu wamelala kwenye nyasi, watoto wa shule wanapita, Mnara wa Uhuru umesimama pale. Huu ndio uwazi niliokuwa nautafuta kwenye makaratasi. Waliouacha hawakuwa na mawazo ya bustani. Wakati wa Waingereza eneo hili lilitengwa makusudi kuwa ukanda wa kutenganisha Uhindini na Uswahilini, na sababu iliyoandikwa ilikuwa afya: malaria, tauni, hewa. Kijani kilikuwa ukuta. Kilibaki kwa sababu wenye nguvu walikihitaji kibaki, na baada ya uhuru kikapata kazi nyingine, ya sherehe na mikutano, kabla mtu hajawahi kupata nafasi ya kukigawa viwanja.

Ng'ambo ya pili mitaa imenyooka kama ilivyopimwa na Wajerumani karibu na mwaka 1914, kwenye shamba walilolinunua ili wahamishie Waafrika. Viwanja ni vilevile, nyumba ndizo zimeota kwenda juu. Nyumba ya Kiswahili yenyewe nimeipata mtaa wa pembeni, imebanwa na ghorofa pande mbili. Mwenye nyumba, mzee wa makamo ya baba yangu, alipoitikia shikamoo yangu alinipitisha hadi uani. Korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila mlango na pazia lake. Uani kuna choo, bafu, jiko la mkaa, na banda lenye vyumba vingine viwili. Sakafu ya korido imelika katikati kwa nyayo, pembeni bado ina rangi nyekundu ya zamani. Nikahesabu kaya ngapi zinaishi humo, nikakumbuka namna mipango yote ya karne iliyopita ilivyoiita nyumba hii tatizo. Hakuna mpango uliowahi kuwapa wapangaji wa mji huu vyumba vingi kuliko aina hii ya nyumba ya vyumba sita.

"Madalali wanakuja kila wiki," mzee akasema. "Wanataka ubia. Wao waweke ghorofa, mimi niwekwe ghorofa ya tano. Magoti yangu haya?"

Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, liliungua Julai 2021. Zile paa zake za zege zenye umbo la mwavuli ni kati ya vitu vichache mjini ambavyo Mtanzania alichora kwa ajili ya mvua na jua la hapa. Nililizunguka mara moja, nikanywa juisi ya miwa, nikarudi.

Alhamisi. Masijala

Nyaraka za Taifa hufungua mafaili yaliyofikisha miaka 30. Kwa yaliyo mapya zaidi inabidi uende yalikozaliwa, na huko ndiko nilikoharibikiwa siku nzima. Ofisi siitaji. Nilitaka kuona historia ya kiwanja kimoja cha Sinza, kwa idhini ya mwenyewe ambaye tulikuwa naye. Masijala, yanakotunzwa mafaili ya ofisi, karani alikuwa mpole na mkweli: faili halipo hapa, labda lilibaki kule, na kule tulipokwenda, labda lilishahamia hapa.

Usimlaumu karani kabla hujaipitia historia ya mwajiri wake. Dar es Salaam ilikuwa manispaa 1949, ikawa jiji 1961. Mwaka 1972 ikaja sera ya madaraka mikoani, serikali za mitaa zikafutwa, shughuli za mji zikaingizwa mkoani. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa ikawekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 tume ikaondoka, zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya Jiji. Baadaye Ubungo ikamegwa Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa Temeke. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena, na Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa jiji. Kiwanja cha Sinza kilichogawiwa miaka ya 1970 hakijasogea hata unyayo, lakini kimeshakuwa cha mkoa, cha Jiji, cha Tume, cha Kinondoni, na sasa cha Ubungo. Kila mabadiliko yana siku yake ya kupakia makabati kwenye gari. Ofisi za ardhi zina foleni za wananchi, si za wanahistoria, na ukiwa na gari moja na makabati arobaini utaanza kubeba yapi? Mimi ningebeba ya hati za viwanja. Michoro ya zamani ningeiacha hadi kesho.

Tulikula chipsi mayai kwa hasira. Mwenye kiwanja alinionyesha barua yake ya ofa aliyoifunika kwa nailoni ngumu. Hiyo ndiyo nakala pekee tuliyoiona siku nzima.

Ijumaa. Maktaba, ramani tatu mezani

Siku bora ya safari. Nilipata mipango kabambe yote mitatu ya zamani, nikaipanga juu ya meza moja pana.

Wa 1949 ni kazi ya kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb na wenzake. Huu ndio uliopanga mji kwa ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yaani kwa wingi wa nyumba na watu katika eneo, na ukiweka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya kanda za zamani, ujazo mdogo unaangukia kwa Wazungu kule Oyster Bay, wa kati kwa Waasia, mkubwa kwa Waafrika. Lugha imebadilika mara ya pili, mipaka imekaa. Tunaofanya kazi hii bado tunaandika ujazo huo kwenye kila mchoro, na mimi nimeuandika wiki iliyopita. Mabonde kwenye mpango huu yameachwa kuwa njia za upepo, hewa ya bahari ipite kati ya mtaa na mtaa. Msimbazi ni kijani.

Wa 1968, wa Wakanada, una ndoto za mji mkuu wa nchi huru. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya 270,000 Dar. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilikuwa tayari limebomoa vibanda Magomeni na kwingineko likaweka nyumba za matofali, hadi serikali ikagundua kwamba kubomoa na kujenga ni ghali na idadi ya nyumba haiongezeki sana. Mwaka 1971 sheria nyingine ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Sehemu kubwa ya Uhindini ilibadili mwenye nyumba, na makaratasi ya zoezi hilo yanahitaji mwandishi wake mwenyewe. Kwenye ramani, Msimbazi bado kijani.

Wa 1979, wa kampuni nyingine ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan, ndio ulionikalisha. Humu bonde halina ushairi wa upepo. Limewekwa kwenye ardhi ya hatari. Nilisogeza lenzi nikafuata kingo zake kwa kidole, kutoka Jangwani kupanda juu, na mstari ule ulipita karibu kabisa na mahali maji yalipofika Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 na kusababisha waathirika wahamishiwe Mabwepande. Miaka 32 ilikuwa imepita. Ujuzi ulikuwepo, umechapwa, una kurasa, una fahirisi. Kilichokosekana ni kiwanja kingine ambacho mtu wa kipato cha kuli angeweza kukipata kihalali bila kwenda mbali na kazi. Watu hawakujenga bondeni kwa kutosoma ramani. Walijenga kwa sababu pale ndipo mji ulipowaachia nafasi.

Kabla sijafunga, nilitaka kuona mpango wa nne. Huo ulikuja kutengenezwa kwa ajili ya miaka ya 2016 hadi 2036. Katikati, kuanzia 1979, mji ulikua kwa michoro ya vipande, na kwa watu wenyewe. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728.

Jumamosi. Jangwani na Magomeni

Bodaboda alinishusha Jangwani karibu na klabu ya Yanga. Mashabiki wa Simba wanawaita Yanga vyura kwa sababu ya maji haya haya. Hata utani wa jadi unaijua ile ardhi ya hatari ya mpango wa 1979. Karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa bondeni, na mvua kubwa zilipokuja ilizingirwa na maji. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wavamizi wa kijani ni maskini peke yao.

Mradi wa bonde la Msimbazi, wenye fedha za Benki ya Dunia, umelipa fidia na kubomoa. Nimepita kwenye misingi iliyobaki. Vigae vya choo vyeupe vimelala chini kwenye udongo, ngazi mbili zinapanda kwenda hewani, na ukutani kipande cha ile X nyekundu ya kubomolewa kimebaki mguu mmoja. Kijana anayeokota nondo aliniuliza kama natoka mradi. Nikamwambia hapana, natoka kusoma mafaili. "Sasa braza, mafaili yanasema tunalipwa lini sisi tuliokuwa wapangaji?" Sikuwa na jibu, maana swali lake ni lile la mafaili ya 540: mpangaji haonekani kwenye ramani. Ramani ina kiwanja, na kiwanja kina mwenyewe.

Magomeni Kota ni nusu saa kwa mguu. Wakazi wa kaya 644 waliondolewa, nyumba zao za zamani zikavunjwa, wakasubiri karibu miaka kumi hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Nilipanda hadi juu kwa ruhusa ya mama mmoja. Kanga zimeanikwa kila baraza, na chini, nyuma ya jengo, mtu ameshaweka jiko la mkaa na benchi. Ule uani wa Kariakoo umepata mahali.

Jumapili. Sinza, kisha Manzese

Sinza nimepita haraka. Ilikuwa sehemu ya mradi wa viwanja na huduma ulioanza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vidogo vyenye maji na barabara kwa watu wa kipato cha chini. Viwanja vingi vimeishia kwa waliokuwa nacho. Leo ukitafuta kipato cha chini Sinza, tafuta wanaohudumia kwenye baa zake.

Manzese, mradi huohuo ulifanya kitu tofauti. Serikali ilishaamua 1972 kuacha kubomoa makazi holela na kuanza kuyaboresha, basi zikapitishwa barabara na mabomba katikati ya nyumba zilizopo. Nilimtafuta mjumbe wa nyumba kumi, nikaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima anayeuza mkaa. Shikamoo, marahaba, kiti cha plastiki, maji ya kunywa.

Nilipomweleza ninachotafuta, aliingia ndani akatoka na kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ya chini ni ya mjumbe aliyemtangulia. Kila mauziano ya nyumba yaliyopitia kwao yamo: tarehe, muuzaji, mnunuzi, mashahidi wa pande mbili, vidole gumba kwa wino wa bluu. Hakuna namba ya kiwanja. Mipaka imeandikwa kwa majirani: mashariki nyumba ya mama fulani, magharibi mtaro, kaskazini ukuta wa msikiti. Ukurasa mmoja mtaro umekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa "sasa ni njia". Ile asilimia kumi ya mauziano inayodaiwa na serikali ya mtaa sikuiuliza, naye hakuitaja.

Nikamwambia kwamba vitu kama hivi vinapaswa kutunzwa, kwamba kuna jengo Upanga lenye kabati na watu waliosomea, na yakifikisha miaka 30 mtu yeyote anaweza kuyasoma.

"Mwanangu," akasema, akirudisha mpira wa baiskeli mahali pake, "juzi tu hapa majirani wameshikana mashati kwa ajili ya choo. Nikafungua ukurasa, wakanyamaza. Nikiyapeleka huko Upanga, watu wagombane miaka thelathini wakinisubiri?"

Aliniruhusu nipige picha kurasa mbili zisizo na majina, na akanitaka nimtumie nakala kwa simu ya mjukuu wake.